Kufunga, Kuacha Ugali, na Kuumia Michezoni

Mwezi wa Ramadhani uliopita palizuka ubishi katika bweni letu, na kwa kuwa mimi nilikuwa nahodha wa timu ya mpira ya bweni, ubishi huo ulinifikia mimi kabla ya wengine. Golikipa wetu, ambaye alikuwa amefunga, alitoka damu puani alasiri moja tulipokuwa tukifanya mazoezi. Hakugongwa na mtu wala na mpira. Damu ilitiririka kwa muda mrefu mpaka fulana yake ikaloa, nasi tukampeleka kwenye zahanati ya shule. Usiku ule wenzetu wakasema, "Njaa imeifanya damu yake kuwa nyepesi." Mwingine akasema kwamba kila afungaye huumia upesi, na kwamba bweni letu litashindwa kwa ajili ya watu sita waliofunga. Basi mimi, nisiyefunga mwezi ule, nikaandika orodha ya timu nikawaacha nje wote sita.

Golikipa hakunena neno. Aliisoma orodha ukutani, akaenda zake prepo. Kunyamaza kwake ndiko kulikonisumbua, nikaona yafaa nitafute kama nilitenda haki, au nilifuata maneno ya bwenini tu. Nilimwuliza mwalimu wetu wa baiolojia, nikamwuliza nesi wa zahanati, na nikasoma vitabu walivyonipa. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza hapana budi tujue mwili hula nini wakati mtu hali kitu. Chakula chetu cha kila siku, yaani ugali, wali, viazi na mkate, ni cha wanga. Mwili huugeuza wanga kuwa sukari, na sukari inayobaki huwekwa akiba iitwayo glaikojeni. Ini la mtu mzima aliyeshiba huweka kama gramu 100 za akiba hiyo, na misuli yote pamoja huweka gramu 400 hivi au zaidi. Mtu akifunga, akiba ya ini ndiyo inayotangulia kupungua, kwa maana ubongo hutaka sukari mchana na usiku. Akiba ya misuli haiguswi sana kwa kukaa darasani. Hupungua mtu anapokimbia. Akiba ikipungua, mwili huchoma mafuta zaidi. Kwa hiyo aliyekula daku vizuri hayuko mtupu ifikapo alasiri, kama tulivyodhani. Anachokosa zaidi ni maji, maana mwili hauna ghala la maji kama ulivyo na ghala la mafuta, na mchezaji hutokwa na jasho jingi juani.

Na sasa swali la kwanza: je, mwenye kufunga huumia zaidi? Swali hili limechunguzwa kwa wachezaji wa mpira wa kulipwa katika nchi za Waislamu. Huko Tunisia, wataalamu walihesabu majeraha ya wachezaji kwa misimu miwili, wakatoa habari zao mwaka 2012. Kwa jumla majeraha hayakuongezeka kwa kiasi cha kutosha kulaumu mfungo. Lakini walipowatazama waliofunga peke yao, waliona kwamba majeraha ya mazoezini yasiyotokana na kugongana, pamoja na yale yanayoletwa na kuutumikisha mwili kupita kiasi, yalikuwa mengi zaidi katika Ramadhani. Huko Qatar nako wataalamu walitoa habari zao mwaka 2013, na hawakuona kwamba mwezi wa Ramadhani huongeza majeraha ya wachezaji.

Msomaji ataona kwamba majibu haya mawili hayafanani sawasawa. Mwalimu wetu alinifundisha kutoyapuuza kwa sababu hiyo, bali kuuliza ni nini kinachoweza kuyatofautisha. Saumu haiji peke yake. Mwenye kufunga huamka usiku kula daku, hulala saa chache, hukosa maji, na saa zake zote hubadilika. Mtu asiyelala vya kutosha huchelewa kuamua, na miguu yake huchelewa kutii. Hapo ndipo mguu unapokanyaga vibaya ukateguka, au msuli unapovutwa ghafula ukachanika. Kocha akipanga mazoezi magumu saa ile ile ya jua kali, makosa ni ya ratiba kuliko ya saumu. Kocha akiyasogeza karibu na magharibi, au baada ya futari, na akawaacha vijana wapumzike mchana, hatari hupungua.

Tena yafaa tukumbuke kwamba wapo waliofunga wakacheza vizuri sana. Mwaka 1995 Hakeem Olajuwon, Mnaijeria aliyecheza mpira wa kikapu huko Houston, Marekani, alifunga Ramadhani iliyoangukia mwezi wa Februari, na mwezi huo huo akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa mwezi katika ligi yao. Sisemi kwamba kila mtu ni Olajuwon, lakini mfano wake watosha kuonyesha kwamba kumwacha mtu nje kwa sababu amefunga tu si hesabu sahihi.

Swali la pili ni la damu. Damu hukomaje kutoka? Mshipa ukikatika, hujikaza. Kisha chembe sahani, ambazo ni chembe ndogo sana zielezwazo katika kitabu chetu cha baiolojia, hukimbilia penye tundu na kushikamana kama watu wanaoziba bomba kwa viganja. Baada yake protini za damu hufanya nyuzi nyuzi zinazofunga pale mahali, na donge likawa imara. Nyingi za protini hizo hutengenezwa na ini, na baadhi yao haziwezi kufanya kazi pasipo vitamini K.

Habari ya vitamini hiyo inafurahisha. Mwaka 1929 Mdenmarki mmoja, Henrik Dam, alikuwa akilisha vifaranga chakula kilichoondolewa mafuta, akaona vinavuja damu chini ya ngozi na katika misuli. Akatafuta mpaka akajua kwamba walikosa kitu fulani cha chakulani, akakiita kwa herufi K, ambayo ndiyo herufi ya kwanza ya neno la kuganda katika lugha yake. Mwaka 1943 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Edward Doisy wa Marekani. Vitamini K imo kwa wingi katika mboga za majani, yaani mchicha, matembele, kisamvu na sukuma wiki, ambazo wengi wetu huzisukuma ukingoni mwa sahani.

Vitamini C nayo haina budi kutajwa. Hiyo huimarisha kuta za mishipa na nyama za fizi. Mabaharia wa zamani waliokaa miezi baharini bila matunda walipata kiseyeye: fizi zilitoka damu, ngozi ikavilia damu, na vidonda vya zamani vikafunguka. Mwaka 1747 mganga James Lind, katika meli ya Uingereza iitwayo Salisbury, aliwagawa wagonjwa 12 wawili wawili, kila jozi akaipa dawa yake. Wawili waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi kuliko wote. Sisi tuna mapera na machungwa. Hatuna sababu ya kuugua ugonjwa wa mabaharia.

Basi, je, siku moja ya saumu yaweza kuifanya damu kuwa nyepesi? Kwa mtu mwenye afya, hapana. Kiseyeye hakiji kwa siku moja; huja baada ya majuma na miezi ya kukosa matunda na mboga, na afungaye hula usiku. Ukosefu wa maji hata hufanya kinyume cha yale tuliyosema bwenini: maji ya damu yakipungua, damu huelekea kuwa nzito kidogo. Kitu ambacho ukavu na vumbi vyaweza kufanya ni kukausha ngozi laini ya ndani ya pua, ambamo mishipa midogo iko karibu sana na nje, nayo hupasuka kwa urahisi.

Lakini kwa nini damu ya golikipa ilichelewa kukoma? Nesi alimwuliza swali ambalo sisi sote hatukuwaza kuliuliza: "Umemeza dawa gani, mwanangu?" Ikajulikana kwamba tangu mfungo uanze alikuwa akiumwa kichwa kila adhuhuri, kama inavyowapata wengi waliozoea chai ya asubuhi wakaikosa ghafula, naye alikuwa akimeza aspirini kila daku. Aspirini huzifunga chembe sahani zisishikamane, na chembe iliyokwisha kufungwa haifunguki tena maisha yake yote, yaani siku saba hadi kumi. Nesi hakuapa kwamba hiyo ndiyo sababu pekee, lakini alimwambia aache vidonge hivyo, anywe maji mengi kati ya futari na daku, na arudi mara moja damu ikitoka tena. Haikutoka tena mwezi ule.

Hapa yafaa niseme namna ya kumsaidia mtu atokaye damu puani, kwa maana siku ile tulikosea. Tulimlaza chali na kumwinua kidevu, akameza damu yake akatapika. Inavyopasa ni kumketisha, kumwinamisha mbele kidogo, na kuibana ile sehemu laini ya pua kwa vidole viwili kwa dakika 10 hadi 15 bila kuachia, naye apumue kwa mdomo. Damu isipokoma baada ya hapo, apelekwe kwa mganga.

Sasa nije kwa wale wanaoacha wanga. Siku hizi watu wazima wengi mjini wameacha ugali na wali ili wapunguze uzito au sukari ya damu, nao wanafunzi wanaiga. Mkimbiaji mmoja wa kidato chetu alirudi likizoni akiwa na shauri hilo, akawa anagawa ugali wake kwa wenzake. Kwa juma la kwanza alipungua uzito akafurahi. Hakujua kwamba kila gramu ya glaikojeni hukaa pamoja na gramu kama tatu za maji, hivyo akiba ikiisha maji nayo hutoka, na mizani hushuka kabla mafuta hayajapungua sana. Juma la tatu msuli wa nyuma ya paja lake ulimvuta akiwa katika mbio za kawaida. Siwezi kusema kwa hakika kwamba ugali ungemwokoa. Lakini nilimtazama mezani: ukiondoa ugali katika chakula cha shule, yabaki maharage kidogo na mchicha. Kwa hiyo hakuacha wanga tu. Alikuwa amejinyima chakula.

Jambo hilo lina hatari yake. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa taarifa juu ya wanamichezo wanaokula kidogo kuliko nguvu wanayotumia. Mifupa yao hudhoofika na kupata nyufa, uchovu hauishi, na kwa wasichana siku za mwezi huweza kukatika. Hilo humpata yeyote ajinyimaye kwa muda mrefu, awe ameacha wanga au la.

Je, chakula kisicho na wanga huleta kutoka damu? Kuna ushahidi mmoja wa kutufanya tuwe waangalifu. Waganga wa Marekani huwapa watoto wengine wenye kifafa chakula kikali sana ambacho karibu nguvu yake yote hutoka katika mafuta. Dawa hiyo ilianza mwaka 1921. Mwaka 2001 waganga fulani waliandika juu ya watoto 51 waliokula hivyo: karibu theluthi yao walivilia damu au kutoka damu zaidi kuliko zamani, na baadhi yao walipopimwa, chembe sahani zao zilionekana kulegea katika kazi. Lakini hao walikuwa watoto wagonjwa, katika chakula kilichopimwa kwa gramu chini ya uangalizi wa waganga. Hatuwezi kuyachukua yao tukamvika mwanafunzi aliyeacha ugali juma moja.

Na kwa mbio zenyewe? Wataalamu wa Australia waliwajaribu watembea kwa kasi wa kiwango cha dunia, wakatoa habari mwaka 2017. Walioacha wanga walijifunza kuchoma mafuta mengi zaidi, lakini walihitaji hewa nyingi zaidi kwa mwendo ule ule, na mashindano yao hayakuboreka. Jirani zetu wakimbiaji wa Kenya, walipochunguzwa mwaka 2004, walionekana kupata zaidi ya robo tatu ya nguvu yao katika wanga, na ugali ukiwamo. Hao ndio washindi wa dunia.

Kwa hiyo nimefikia maneno machache. Mwenye kufunga aweza kucheza, ila alale mchana, anywe maji usiku, ale daku yenye wanga na mboga, na mazoezi yasogezwe jioni. Asimeze vidonge ovyo. Mwenye kisukari, upungufu wa damu, au ugonjwa mwingine, na apate shauri la mganga kwanza. Mwanafunzi anayekua asiige chakula cha mtu mzima aliyeandikiwa na daktari wake.

Nami nilirudi kwenye ule ukuta nikaondoa orodha yangu. Nilimwomba golikipa radhi mbele ya bweni zima, kwa kuwa kosa nililifanya mbele ya bweni zima. Tulikubaliana mazoezi yawe baada ya saa kumi na moja na nusu jioni, karibu na magharibi, na yeye akarudi golini. Mchezo wa mwisho tulifungwa bao moja, ambalo hakuna golikipa ambaye angelizuia.

Mwenye kujua zaidi ya haya, na aandike katika toleo lijalo.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne