Ngoma isije ikapasuka: Nyimbo za kutuliza roho msimu wa mitihani

Na MWANDISHI WETU

KILA ifikapo Oktoba, nyumba nyingi katika mitaa yetu hugeuka kama nyumba za matanga. Televisheni huzimwa mapema. Wageni huambiwa waje Desemba. Watoto wadogo hufukuzwa wakacheze mbali. Ndani ya chumba kimoja ameketi mtahiniwa, vitabu vimemzunguka na macho yamemwiva, huku mama mtu akipita mlangoni kwa kunyata na kikombe cha chai mkononi.

Huo ndio msimu wa KCSE, mtihani ambao tangu ulipofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989 umekuwa mlango wa chuo kikuu na, kwa wazazi wengi, kipimo cha jasho walilotoa kulipa karo. KCPE nayo iliagwa mwaka 2023, lakini hofu haikuondoka nayo. Watoto wa mtaala mpya wana mitihani yao ya gredi ya sita na ya tisa, na matumbo yao huuma asubuhi ya mtihani kama yetu yalivyouma.

Swali ambalo huzua ubishi katika familia nyingi ni hili: mtoto aliye katika hali hiyo aachiwe muziki, ama redio ifungiwe kabatini hadi karatasi ya mwisho? Mimi niliwahi kulijibu swali hilo kwa haraka, na nusura nijute.

Redio kabatini

Mwaka 2024 binti yangu wa kwanza alikuwa kidato cha nne katika shule ya kutwa hapa Nairobi. Muhula wa pili alileta matokeo ya mtihani wa majaribio, na hisabati ilikuwa imeanguka vibaya. Nilitazama huku na huku nikitafuta wa kulaumiwa, macho yangu yakatua kwenye redio. Msichana huyu alikuwa na mazoea ya kusoma huku muziki ukilia, na akitoka chumbani anakwenda nao jikoni.

Sikuuliza mara mbili. Nilichukua redio na vile vidude vyake vya masikioni, nikavifungia kabatini pamoja na hati za shamba.

"Hadi Novemba iishe, nyumba hii haitaki kelele," nikamwambia.

"Sawa, Baba," akajibu. Hakuteta hata neno moja. Ukimya uliofuata niliuhesabu kuwa utiifu, nikajisifu moyoni kwamba mimi ni mzazi anayejua kazi yake.

Kumbe yalikuwa mengine. Siku zilivyosonga akaanza kuacha chakula nusu. Alikaa na ukurasa mmoja nusu saa nzima bila kuupindua. Taa ya chumba chake iliwaka hadi saa nane za usiku, na asubuhi aliamka kama mtu aliyelala kwenye matatu.

Usiku mmoja, kama saa tisa hivi, nilisikia mlango wa jikoni ukilia. Nilimkuta ameketi juu ya jerikeni gizani, mikono ikimtetemeka.

"Baba, nilichosoma leo kimetoka chote," akasema. "Nikifunga macho naona karatasi tupu."

Sikuwa na jibu. Mama yangu mzazi, aliyekuwa amekuja kwetu kutoka mashambani kwa ajili ya kliniki, alikuwa naye ameamka. Alinipita bila kunisemesha, akavuta kigoda, akaketi karibu na mjukuu wake na kuanza kuimba kwa sauti ya chini. Ulikuwa wimbo wa kubembeleza, ule ule aliotuimbia sisi tukiwa wadogo. Aliuimba, akaurudia, akaurudia tena. Baada ya muda niliona ile mikono imetulia.

Ndipo akanigeukia mimi. "Mwanangu, ngoma ikilia sana hupasuka. Na anayeipiga ni wewe."

Hofu ni rafiki na adui

Tangu usiku ule nimesoma mengi kuhusu jambo hili, na ningependa msomaji naye ayajue.

Kwanza, hofu kidogo si ugonjwa. Mwaka 1908 wataalamu wawili wa Marekani, Robert Yerkes na John Dodson, waliwafundisha panya kazi ya kuchagua njia huku wakiwasumbua kwa mitetemo ya umeme. Kazi ilipokuwa ngumu, usumbufu wa kiasi uliwasaidia kujifunza, lakini ulipozidi wakaharibikiwa. Tangu wakati huo walimu na madaktari wa akili wamekuwa wakilitumia fundisho hilo kwa binadamu: mtu asiye na wasiwasi wowote hazingatii, naye aliyezama katika wasiwasi hazingatii vilevile.

Hofu inapopita kiasi mwili hujiandaa kana kwamba simba yuko mlangoni. Moyo hudunda mbio, pumzi huwa fupi, viganja hutoka jasho. Homoni iitwayo kotisoli huongezeka katika damu, na ikizidi humfanya mtu ashindwe kuyakumbuka hata yale anayoyajua vizuri. Hiyo ndiyo maana mtahiniwa hutoka chumba cha mtihani, akafika tu kwenye lango la shule, na jibu likamjia lote bila kukosa nukta. Hakuwa amelisahau. Hofu ilikuwa imekaa mlangoni ikalizuia kutoka.

Muziki waweza kufanya nini?

Mwaka 2006 daktari Luciano Bernardi wa Italia pamoja na wenzake walichapisha utafiti waliowafanyia watu 24, nusu yao wanamuziki. Waligundua kwamba muziki wa mwendo wa kasi uliongeza pumzi na mapigo ya moyo, na ule wa pole pole ulikuwa na athari ndogo. Lakini lililowashangaza ni kwamba utulivu mkubwa zaidi ulikuja muziki uliponyamazishwa kwa dakika mbili. Mapigo na pumzi vilishuka kuliko hata kabla ya kuanza. Yaani wimbo hufanya kazi yake, halafu ule ukimya unaoufuata ukaimalizia.

Tusidanganyane, hata hivyo, kwamba muziki huongeza akili. Uvumi huo ulitokana na utafiti wa mwaka 1993 wa Frances Rauscher na wenzake katika chuo kikuu kimoja cha California. Wanafunzi 36 walisikiliza kwa dakika 10 sonata ya Mozart ya piano mbili, kisha wakafanya vizuri zaidi katika maswali ya kuwazia maumbo. Faida hiyo haikupita robo saa, lakini habari zilienea hadi gavana wa jimbo la Georgia akaomba fedha mwaka 1998 ili kila mtoto anayezaliwa apewe muziki wa aina hiyo. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba siri haikuwa Mozart. Wimbo wowote unaomchangamsha mtu na kumfurahisha waweza kumpa nguvu hizo za muda mfupi.

Kwa hivyo wimbo hauwezi kukufundisha hisabati. Unachoweza ni kumwondoa yule askari wa hofu mlangoni, ili hisabati uliyoisoma itoke.

Wimbo gani, na wakati gani?

Hapa ndipo binti yangu alipokosea, na mimi nikakosea zaidi. Yeye aliweka muziki mahali pasipofaa, nami nikauondoa hata pale ulipofaa.

Unaposoma kwa kina, maneno ya wimbo ni adui. Sehemu ya ubongo inayosoma sentensi ya historia ndiyo hiyo hiyo inayofuatilia maneno ya mwimbaji, hasa wimbo ukiwa katika lugha unayoielewa. Basi soma kimya. Ikiwa jirani ana kelele na huna budi kuzifunika, chagua muziki usio na maneno, kama piano, nyatiti au gitaa tupu, na sauti iwe chini.

Wakati wa mapumziko, baada ya dakika 40 au 50 za kusoma, ndipo wimbo wenye maneno upate nafasi yake. Viwili au vitatu vyatosha. Simama, nyoosha mgongo, imba nao, cheza ukipenda. Nyimbo za kuchangamsha hazijapungua nchini: "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms ya mwaka 1982, ambayo hata mtoto wa chekechea anaijua, au "Helule Helule" ya Daudi Kabaka, ambayo kundi la The Tremeloes la Uingereza liliirekodi upya mwaka 1968. Vijana wa leo wana zao. Binti yangu alinisikilizisha "Suzanna" ya Sauti Sol ya mwaka 2020, na mimi mzee nikaonja ndani yake ladha ya zilizopendwa.

Kuna jambo la kuchunga katika rumba. Wimbo kama "Kasongo" wa Orchestra Super Mazembe, bendi ya wanamuziki kutoka Zaire waliofanya makao Nairobi, huanza kwa utaratibu, lakini magitaa yakishika kasi miguu haitulii. Huo ni wa alasiri, si wa kitandani.

Usiku kabla ya kulala chagua mwendo wa pole pole. "Malaika", uliorekodiwa na Fadhili William na kupelekwa ulimwenguni na Miriam Makeba, ungali mto mzuri wa kulalia. Familia nyingine zina kaswida, nyingine zina Tenzi za Rohoni. Zote zina faida moja ya ziada: msikilizaji amezijua tangu utotoni, na kitu ulichokizoea hukuambia uko nyumbani. Wimbo ukiisha, usiharakishe kuweka mwingine. Kumbuka ule ukimya wa dakika mbili.

Asubuhi ya mtihani, na mlangoni mwa chumba chenyewe, hakuna redio wala simu. Hapo wimbo uliobaki ni ule ulio kichwani. Uvumishe taratibu puani, ukitoa pumzi ndefu kuliko uliyovuta. Wanafunzi waliopita katika kwaya za tamasha la muziki la shule, ambalo mizizi yake ni ya mwaka 1927, wanaijua siri hiyo. Huwezi kuimba mstari mrefu kwa pumzi fupi.

Jihadhari na mitego

Mtego wa kwanza ni simu. Mtoto huichukua atafute wimbo mmoja, mara anajikuta amezama katika soga za marafiki, na saa nzima imekwenda. Afadhali nyimbo chache zichaguliwe mapema, kisha simu ikae sebuleni.

Mtego wa pili ni nyimbo za majonzi. Zipo zinazomliwaza mtu, na zipo zinazomchimbia shimo. Ukimaliza wimbo ukajikuta mzito kuliko ulipoanza, ubadilishe.

Wa tatu ni sauti ya juu. Ukiwa na vidude masikioni na ukiitwa husikii, punguza. Masikio hayana mtihani wa marudio.

Nasi wazazi tusifanye muziki kuwa dawa ya kila kitu. Mtoto asiyelala wiki nzima, asiyekula, au anayesema maisha hayana maana, huyo hahitaji kaseti. Anahitaji mzazi aketi naye, na mwalimu, mshauri au daktari aitwe mara moja.

"Sina Makosa"

Asubuhi baada ya usiku ule wa jikoni nilifungua kabati. Pamoja na redio ya binti yangu nilikuta kaseti yangu ya zamani: Les Wanyika, wale waliojitenga na Simba Wanyika mwaka 1978. Nikakumbuka nilichokuwa nimekisahau. Mwaka 1991, usiku wa kuamkia karatasi ya kemia, sisi wavulana wa bwenini tulikuwa tumejikunyata mablanketini kama vifaranga vilivyonyeshewa. Redio zilikuwa marufuku. Mmoja wetu akaanza kuuvumisha "Sina Makosa", mwingine akaigiza gitaa kwa mdomo, na punde bweni zima likawa bendi. Nililala usingizi mzito usiku ule. Na huyo ndiye aliyekuja kuwa mzazi wa kufungia redio kabatini!

Nilimrudishia mali yake, nikamwomba msamaha. Tukapatana: anaposoma, kimya, baada ya chakula cha jioni, dakika 20 za muziki sebuleni, siku moja chaguo lake na siku ya pili chaguo langu. Bibi yake alidai siku yake pia, akapewa. Kaka zake wadogo walikuwa wapiga ngoma, kwa sufuria.

Sitamwambia msomaji kwamba binti huyo aliongoza nchi. Hisabati ilipanda kidogo tu, kwa sababu pengo lake lilikuwa la muda mrefu. Lakini alianza kula, taa ikazimwa saa nne na nusu, na asubuhi ya karatasi ya kwanza nilimsindikiza hadi kituo cha matatu. Viganja vyake vilikuwa vikavu.

"Unaogopa, Mama?" nikamuuliza, maana amepewa jina la mama yangu.

"Kidogo tu, Baba," akajibu, akapanda.

Gari lilipoanza kuondoka nilimwona kupitia dirishani, midomo imefungwa na kichwa kikitikisika taratibu. Alikuwa anavumisha kitu. Nilijaribu kusoma kichwa kile niujue wimbo, nisiweze. Sikumuuliza hadi leo. Kila mtahiniwa na awe na wimbo wake.