Ufa wa ekzosi wala faida ya magari ya turbo

Wafanyabiashara wanaonunua Subaru Forester za turbo ili kuziuza tena wanashauriwa kuzisikiliza asubuhi, zikiwa baridi, kabla ya kutoa fedha. Muuzaji anayempokea mteja huku injini tayari inanguruma huenda ana jambo analolificha.

Jambo lenyewe ni ufa kwenye mabomba ya ekzosi yaliyo kati ya injini na turbo. Chuma kikiwa baridi ufa huwa wazi, na moshi hutoka kwa mlio wa "tik-tik-tik" unaokwenda na kasi ya injini. Baada ya dakika chache chuma hutanuka, ufa hujibana na mlio hupungua au hutoweka kabisa. Mnunuzi aliyefika saa sita mchana hasikii kitu.

Forester ilianza kuuzwa Japani mwaka 1997. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, hivyo Forester za zamani zinazouzwa Nairobi zimekwishapita mikononi mwa wenyewe kadhaa humo humo nchini. Tanzania huyaruhusu magari ya umri huo, ila huyatoza ushuru wa ziada kwa uchakavu wake.

Katika gari hilo moshi wa pande zote mbili za injini hukusanywa chini, kisha hupandishwa kwa bomba moja hadi kwenye turbo. Gari likibebeshwa mzigo, moshi huo hufikia joto la nyuzi 800 na zaidi. Mabomba hutanuka na kusinyaa kila siku kwa miaka 20, na hatimaye hupasuka, hasa kwenye maungio.

Hasara kubwa haitokani na ufa bali na kuukosea. Moshi ndio unaozungusha turbo. Ukivujia njiani, gari huwa zito kupanda mlima, na fundi mwenye haraka husema turbo imekufa.

Tuseme, kwa mfano tu, mfanyabiashara wa Dar es Salaam anategemea faida ya Sh 1,000,000 kwa gari moja. Kuchomelea bomba, gasketi mpya na ujira vikila Sh 300,000, atabaki na Sh 700,000. Akinunua turbo kwa Sh 900,000, atabaki na Sh 100,000, na mlio utakuwa pale pale.

Mafuta nayo huongezeka. Ufa ulio kabla ya sensa ya oksijeni hunyonya hewa ya nje, sensa hudhani petroli ni kidogo, na kompyuta ya injini huongeza. Kubwa zaidi ni gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu, inayoweza kuingia ndani ya gari na kuua.

Njia ya kuutafuta ufa si ya gharama. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, fundi hupuliza hewa kidogo kwa kompresa kupitia mdomo wa ekzosi, kisha hupaka maji ya sabuni kwenye mabomba. Povu litaonyesha mahali. Vifuniko vya bati vifunguliwe kwanza, maana masizi meusi hujificha chini yake. Bomba lililopakwa udongo wa kuziba ni sababu tosha ya kushusha bei.

Wakati wa kufungua, nati zilowekwe mafuta ya kulegeza kutu tangu usiku. Silinda hedi ya gari hili ni ya alumini. Stadi ikikatikia humo, kuitoa kunaweza kugharimu kuliko bomba lenyewe.

Mabomba ya chuma cha pua au chuma laini huchomeleka vizuri. Ncha mbili za ufa hutobolewa tundu dogo ili usiendelee, ufa huchimbwa mfereji kwa grainda, ndipo huchomelewa, flanji zikiwa zimefungwa ili zisipinde. Magari mengine yenye manifoldi ya chuma cha kumiminwa ni habari nyingine: hupashwa moto kwanza, huchomelewa kwa fimbo ya nikeli na huachwa yapoe taratibu ndani ya mchanga mkavu. Hata hivyo mengi hupasuka tena, na kununua jingine ni nafuu.

Wengi husahau kuuliza bomba lilipasuka kwa nini. Mipira ya kushikia injini ikiwa imekufa, au vishikio vya ekzosi vimekatika, uzito wote huning'inia kwenye bomba na ufa hurudi hata uchomeleaji ukiwa mzuri.

Mabomba ya mtumba hupatikana Gerezani, Dar es Salaam, na Kirinyaga Road, Nairobi. Mnunuzi aende na rula ya chuma aiweke juu ya flanji. Mwanga ukipita chini yake, bomba limepinda na gasketi mpya haitaliziba.