Filamu ya Historia ya Bunge: Tutazame Nini?

Filamu ni chombo kizuri cha elimu ya siasa, lakini ina upungufu mmoja: huonyesha sura, haionyeshi mamlaka. Katika filamu ya historia ya Bunge letu tutaona Ukumbi wa Karimjee, joho la Spika na siwa ikibebwa. Swali la msingi ni hili: walioketi humo walitumwa na nani, na walipaswa kumjibu nani?

Baraza la Kutunga Sheria lilianza mwaka 1926 chini ya Gavana Donald Cameron. Lilikuwa na maofisa 13 wa serikali na wajumbe 7 wasio maofisa: Wazungu 5 na Waasia 2. Hakuna aliyechaguliwa kwa kura, wala Mwafrika hakuwamo hata mmoja. Mkulima wa Nyololo alilipa kodi kwa sheria ambazo hakuwa na mtu wa kuzihoji.

Mwaka 1945 waliingia Machifu Kidaha Makwaia na Abdiel Shangali, na mwaka 1947 akafuata Chifu Adam Sapi Mkwawa wa Iringa. Wote waliteuliwa na Gavana. Rangi ya Baraza ilianza kubadilika, lakini mamlaka yalibaki pale pale.

Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia, na masharti ya kipato na elimu yaliwaacha nje wakulima wengi. TANU iliamua huko Tabora kushiriki, ikashinda. Agosti 1960 ilipata viti 70 kati ya 71. Mwaka 1962, baada ya Uhuru, Adam Sapi alikalia kiti cha Spika. Mtu alikuwa yule yule wa 1947, ila sasa aliongoza wajumbe waliotumwa na umma.

Safari haikuishia hapo. Mwaka 1965, chini ya chama kimoja, wananchi walimwangusha Paul Bomani, Waziri wa Fedha: kura ilikuwa na meno. Mwaka 1975 Katiba ilirekebishwa, Chama kikatamkwa kuwa juu ya vyombo vyote. Hapo mbunge alikuwa na mabwana wawili, Chama na wapiga kura wake. Mwaka 1992 vyama vingi vikarudi. Adam Sapi, aliyeondoka kitini mwaka 1973 na kurudi 1975, alistaafu mwaka 1994.

Nyanda za Juu Kusini zimetoa pia Maspika Anne Makinda wa Njombe, mwanamke wa kwanza, mwaka 2010, na Tulia Ackson wa Mbeya, mwaka 2022. Fahari hiyo ni halali, lakini haitoshi. Kada anayeongoza darasa asimamishe filamu kila zama mpya inapoanza, awaulize wanafunzi: hapa, mkulima wa Nyololo angeweza kumwondoa nani? Zama ambazo jibu ni "hakuna", Bunge lilikuwa jengo tu.