Bahari Haifundishwi Ubaoni

Mwanafunzi wa Kachibora huandika katika insha yake kwamba nahodha wengi, chombo huenda mrama, naye hutuzwa alama. Lakini hebu mwulize mrama ni nini. Aliyezaliwa chini ya milima ya Cherang'any, akalelewa baina ya mahindi na mifugo, nahodha amemwonea wapi? Methali ameikariri, hajaionja. Lugha iliyolelewa na bahari twaifundisha huku bara kana kwamba ilizaliwa kitabuni.

Nayasema haya kwa kuwa niliwahi kuandamana na wanafunzi wachache wa kidato cha tatu hadi kisiwani Lamu, wakati wa likizo ya Agosti. Safari ni ndefu: matatu hadi Kitale, basi la usiku hadi Nairobi, kisha Mombasa, Malindi, Garsen na hatimaye Mokowe, ambako gari hukoma na mashua ikashika zamu. Mji Mkongwe wa Lamu ulitiwa na UNESCO katika orodha ya turathi za ulimwengu mwaka 2001, na wageni wengi huenda kutazama nyumba za mawe ya matumbawe, milango ya nakshi na punda wapitao vichochoroni. Sisi tulikwenda kusikiliza.

Somo la kwanza halikukawia. Bibi mmoja mwenyeji wetu alisimama mlangoni akamwita kijana wetu: "Ndoo, mwanangu, ndoo!" Kijana aligeuka huku na huku akitafuta ndoo ya kumpelekea. Vicheko vilipotulia, alifahamishwa kwamba kwa Kiamu "ndoo" ni "njoo", kama "ndia" ilivyo "njia" na "mato" yalivyo "macho".

Walimu wenzangu, tafakarini jambo hili. Maneno hayo hayo yakichomoza katika shairi, aghalabu huelezwa darasani kuwa ni Kikale, lugha ya waliokwisha kufa. Kumbe yanasemwa hadi leo mtu akinunua samaki sokoni! Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, na Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, inayoomboleza kuanguka kwa Pate, ni matunda ya visiwa hivi. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilisanifisha Kiswahili juu ya msingi wa Kiunguja, na hilo lilikuwa na manufaa yake. Lakini kusanifisha lahaja moja si kuzizika nyingine.

Somo la pili lilitukuta majini. Tulikuwa tumekwenda Matondoni, kijiji cha waunda vyombo, tukamwona fundi akitia kalafati, yaani akishindilia pamba baina ya mbao ili maji yasipenye. Tuliporejea kwa mashua ya tanga, upepo wa kusi ulikaza. Chombo kililala upande huu, kikainuka, kikalala upande wa pili. Wanangu walishikana mikono, nyuso zimewaparama. Nahodha alikuwa mmoja tu, na neno lake likawa moja: "Kaani chini!" Wote wakakaa. Msichana mmoja akaninong'oneza, "Mwalimu, hii ndiyo mrama?" Nikamjibu kuwa ndiyo hasa. Sidhani ataisahau methali ile maishani mwake.

Pingamizi nazijua. Nauli ni ghali, na mashambulizi ya Mpeketoni ya mwaka 2014 yaliwatia wazazi wengi hofu. Yapasa kila shule ishauriane na wakuu wa usalama kabla ya kufunga safari. Hata hivyo, shule nyingi hugharimia ziara za kutazama majumba marefu ya Nairobi. Je, ziara ya lugha ina kosa gani?

Tena isiwe ya upande mmoja. Mtoto wa Lamu naye huandika kwamba achanikaye kwenye mpini hafi njaa, ilhali huenda jembe hajalishika. Na aje Kachibora wakati wa mavuno, avune, apukuchue mahindi na kubeba gunia hadi ghalani. Na pasipo nauli, vyama vya Kiswahili vya shule zetu vianze kwa kuandikiana barua: wa huku aeleze shamba, wa kule aeleze bahari, kila mmoja kwa maneno ya kwao. Gharama yake ni karatasi na stempu, na muhula ujao si mbali.