Ishara za Kerneli (3): Mchakato Namba 1 na Uziwi Wake

Aprili 2025, toleo 1.33 la Kubernetes lilitoka na kipengele kipya cha majaribio: msimamizi wa seva sasa anaweza kutaja ishara ambayo kontena litapelekewa linapotakiwa kusimama. Awali uamuzi huo ulikuwa wa aliyeliandaa kontena. Wengi waliisoma habari hiyo wakapita, ilhali kisa chake kilianza zamani, kabla hata Linux haijazaliwa.

Katika Unix toleo la 7, kazi ya Bell Labs ya mwaka 1979, kupokea ishara kulifanana na kutega panya. Mtego ukishafyatuka, haunasi tena mpaka utegwe upya. Programu iliandaa kipokezi chake, lakini ishara ilipofika kerneli ilikiondoa kwanza, ndipo ikakiita. Kipokezi kilipaswa kujitega upya kabla ya jambo lingine lolote. Ishara ya pili ikiwahi kuingia katika mwanya huo mwembamba, programu hufa. Mtu aliyebonyeza kitufe cha kukatiza mara mbili harakaharaka aliweza kupoteza kazi yake, na kosa halikuwa lake.

Berkeley walikataa kumtwisha mtumiaji mzigo huo. Katika 4.2BSD ya mwaka 1983, kipokezi kilibaki mahali pake, na ishara ya aina ileile ikazuiwa mlangoni hadi ya kwanza imalizwe kushughulikiwa. POSIX ya 1988 ikauweka utaratibu huo katika kiwango rasmi kupitia wito wa sigaction. Huo ndio uungwana wa uhandisi: mashine ibebe taabu, binadamu apumzike.

Uungwana huo ulipata mtihani mpya Januari 2008, Linux 2.6.24 ilipoleta nemspesi za michakato, yaani vyumba vilivyotengwa ambamo michakato ya kontena hukaa. Kila nemspesi huhesabu michakato yake kuanzia 1, kwa hiyo mchakato uleule waweza kuwa namba 1 ndani na 4127 nje. Ishara hushuka, haipandi. Walio ndani hawana namba ya kumlenga aliye nje. Naye akiwatumia ishara, mahali pa namba ya mtumaji husomeka 0.

Namba 1 ina kinga ya pekee. Ishara isiyoandaliwa kipokezi haiigusi, hata SIGKILL, ishara ya kuua, ikitoka kwa watoto wake. Kutoka nemspesi ya juu, ni SIGKILL na SIGSTOP, ile ya kusitisha, tu zinazolazimisha. Ikifa, kerneli huua wote waliosalia ndani.

Hapa ndipo uzembe wa waandika programu unapoonekana. Likitakiwa kontena lisimame, Docker kwa kawaida hutuma SIGTERM, ishara ya kuomba programu ifunge, husubiri sekunde 10, kisha SIGKILL. Kubernetes husubiri 30. Programu iliyo namba 1 bila kipokezi hukaa kiziwi muda wote huo, kisha hukatwa katikati ya kuandika data ya watu. Mistari michache tu ya msimbo ingeizuia hasara hiyo, na kuiacha ni kumdhulumu mtumiaji.

Kipengele kile cha Kubernetes kinawafaa wenye programu kama seva ya wavuti ya Nginx, ambayo kwa SIGTERM hufunga papo hapo, lakini kwa SIGQUIT humaliza kwanza kuwahudumia waliokwisha kuunganishwa. Lakini kwa programu iliyo namba 1 isiyo na kipokezi cha SIGQUIT, msimamizi ataichagua ishara hiyo, kerneli itaitupa, sekunde 30 zitapita, na SIGKILL itafika kama kawaida.