Kodeini: Dawa Inayokamilishwa na Ini

Kodeini ni dawa ya kutuliza maumivu na kikohozi iliyotengwa kutoka kwa afyuni mwaka wa 1832 na mwanakemia Mfaransa, Pierre Robiquet. Yenyewe haina nguvu nyingi. Inapofika kwenye ini, kimeng'enya kiitwacho CYP2D6 hugeuza sehemu yake ndogo kuwa mofini. Mofini hiyo hushika vipokezi vilivyomo katika ubongo na uti wa mgongo, na hivyo kufifisha ujumbe wa maumivu.

Hata hivyo, utendaji wa kimeng'enya hicho hutegemea urithi wa jeni. Kuna watu ambao kwao hakifanyi kazi. Hao humeza kodeini wasipate nafuu. Wengine, wakiwemo wengi nchini Ethiopia, huigeuza kwa kasi mno, hata kipimo cha kawaida kikaweza kuwakatiza pumzi. Kwa sababu hiyo, mwaka wa 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilielekeza kwamba watoto walio chini ya umri wa miaka 12 wasipewe kodeini, ikawashauri akina mama wanaonyonyesha kuiepuka. Basi kidonge kilichomfaa mzazi chaweza kumuua mwanawe.