Mei Hii, Amka Saa 9 Usiku Utazame Vimondo

Leo tuache kidogo ubwiri unga na bei za mnada, tutazame juu.

Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi mwishoni mwa Mei, dunia hupita kwenye vumbi lililoachwa na nyota ya mkia iitwayo Halley, ile iliyoonekana mara ya mwisho 1986 na itakayorudi 2061. Punje za vumbi hilo, nyingi ndogo kama mchanga, huingia kwenye anga letu kwa kasi ya kilomita 66 kwa sekunde na kuungua zikiwa bado juu, karibu kilomita 100. Huo mstari wa mwanga ndio kimondo. Kilele huwa karibu na alfajiri za tarehe 5 na 6 Mei. Sisi wa kusini mwa ikweta tunaviona vizuri kuliko watu wa Ulaya, na masika nayo yanakuwa yanaishia.

Ukiwa Msimbati au mashamba ya kuelekea mdomo wa Ruvuma, mashariki yako ni bahari tupu, hakuna taa za mji. Zima tochi na simu dakika 20 macho yazoee giza, lala chali kwenye mkeka mpaka saa 11. Darubini haihitajiki. Ila kaa mbali na ukingo wa mto, viboko hutoka usiku kula.

Je, kikipita kikubwa kinachomulika shamba zima? Si dalili ya mvua wala ukame, kwa hiyo usibadilishe kalenda yako ya kazi. Andika saa, kilikotokea na kilikoishia. Kikifuatiwa na mngurumo, hesabu sekunde tangu mwanga, gawanya kwa 3: hapo una umbali wake kwa kilomita, kwa makadirio.

Vingi haviachi hata jiwe. Kile cha Mbozi, mkoani Songwe, chuma cha tani 16 hivi, ni nadra sana. Kwa hiyo pesa ya ufuta ikiingia, halafu akatokea mtu anauza jiwe jeusi "la kimondo", usidanganyike kwa kuwa sumaku imelinasa. Mawe mengi ya kawaida yenye chuma hunaswa pia. Mwambie mwende kwanza kwa mjiolojia. Hiyo pesa ni ya salfa, na mikorosho ikianza kutoa maua haikusubiri.

Tuonane shambani.